Daftari la Afande lina tarehe moja tu

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Baba yetu alifariki mwaka jana, tarehe 9 Julai. Mwaka unakaribia kutimia na nyumba imegawanyika, na wala hatugombanii nyumba. Tunagombania daftari na fulana.

Kwanza nikueleze baba alikuwa nani. Ni mtoto wa Temeke, aliingia mgambo akiwa kijana, na vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978 akapelekwa mbele. Alirudi salama, akabaki jeshini mpaka miaka ya tisini, akatoka na cheo cha koplo. Baada ya hapo akakaa zaidi ya miaka ishirini kwenye stoo ya gereji moja ya malori huku Keko, akitoa spana asubuhi na kuzihesabu jioni. Kazini walimwita Afande. Hata tajiri mwenye gereji alimwita Afande, tena kwa adabu.

Habari za vita hakusimulia. Tulipokuwa wadogo tukimng'ang'ania sana, alisema, "Tulitembea." Siku akiwa amefurahi aliongeza, "Tulitembea sana, na mvua ilikuwa inanyesha." Basi. Kyaka, Masaka, Kampala, yote hayo nimeyajua kwa mwalimu wa historia, si kwa baba.

Nilichokiona kwa macho yangu ni siku ya mabomu ya Mbagala, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka Aprili 2009. Mlipuko wa kwanza ulipotikisa mabati, mtaa mzima ulitoka mbio bila kujua unakimbilia wapi. Baba aliwakusanya watoto wa uani kwetu na wa nyumba ya pili, akawalaza kifudifudi kwenye korido, mbali na madirisha, akawa anawahesabu kwa sauti. Moja mpaka kumi na moja, akifika mwisho anaanza tena. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, lakini nilijilaza nao. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Wazazi walipokuja kuchukua watoto wao, alikwenda kukaa chini ya mwembe, na kwa siku tatu hakusema na mtu zaidi ya kuitikia salamu.

Mpole, Shangazi, kuliko mwanamume yeyote niliyemfahamu. Jumapili jioni alitupigia pasi nguo za shule yeye mwenyewe, kwa pasi ya mkaa, na sketi yangu ilikuwa na marinda yaliyosimama kuliko ya mwalimu wangu. Alikuwa na wake wawili, na sijawahi kusikia mmoja akimlalamikia kwamba siku yake imeliwa.

Siku ya mazishi gereji ilifungwa. Mafundi walikuja na Fuso mbili, wengine na ovaroli zenye grisi kwa kuwa taarifa iliwakuta chini ya magari. Fundi mkuu wao, mtu mzima na ndevu zake, alilia mbele za watu. Akatuambia kwamba alipokuwa spana boi aliiba staata akaiuza, na baba alijua. Hakumpeleka kwa tajiri. Alimkalisha stoo wiki nzima akihesabu nati na boliti, na mwisho wa mwezi baba akailipia ile staata kwenye mshahara wake. Sisi nyumbani hatukuwahi kulisikia hilo. Nakumbuka tu kuna mwezi tulikula dagaa mfululizo.

Sasa nije kwenye daftari. Chini ya kitanda kulikuwa na tranka la baba. Kaka yangu, ambaye mahakama ya mwanzo ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi, alilifungua akakuta koti la kombati, nishani yake ya vita, na kaunta buku. Kaunta buku lina majina ya watu wa gereji na wa jirani na gereji, tarehe, kiasi, na sababu. Nakunakilia mistari michache:

"Kijana wa tairi. 14 Machi. 30,000. Kodi ya chumba."

"Mama ntilie wa getini. 3 Mei. 50,000. Mtaji umekatika."

"Fundi umeme. 2 Juni. 150,000. Mke kujifungua."

"Kijana wa tairi tena. 19 Juni. 20,000. Hakusema, sikuuliza."

Waliolipa kawachorea mstari kwa rula. Ambao hawajachorewa, jumla yao ni shilingi 2,400,000. Kaka anasema hiyo ni mali ya marehemu na ataikusanya. Ameshawapigia simu watu watatu. Mmoja hapokei tena. Mmoja alikuja mpaka nyumbani na elfu ishirini mkononi, akaomba radhi mbele ya mama, na mama tangu siku hiyo hasemi na kaka. Mbaya zaidi, anataka siku ya hitma, mafundi wakiwapo, majina yasomwe ili "kila mtu ajijue". Mimi na mama tumeshasema tumesamehe. Wamebaki kaka, mama mdogo, na mdogo wetu wa kiume wa kwa mama mdogo, yuko darasa la saba. Watoto wa baba ni sisi watatu tu.

Halafu fulana. Tumechanga fedha za shughuli, na kaka ametenga 1,200,000 kwa fulana mia moja zenye picha ya baba akiwa na sare, mgongoni "Shujaa wa Kagera". Yeye mwenyewe anataka kuvaa lile koti la kombati. Na hitma tusiifanye tarehe 9, tuisogeze mpaka 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Baba yetu, Shangazi, ambaye picha ile ya sare hakuitundika hata ukutani!

Watu wa gereji nao wameomba wafanye kisomo chao palepale gereji, na wameomba wapewe kikombe cha bati alichonywea chai. Kaka amekataa. Anasema wadaiwa hawaombi zawadi.

Daftari ninalo mimi. Nililichukua kimyakimya na kaka hajajua liko wapi. Ninachokuuliza ni hiki: nikilichoma nitakuwa nimekosea? Baba hakuwa mtu wa kudai.

Binti Afande, Tandika.

N.B. Nisikufiche, mume wangu naye yumo. Ni 250,000, alikopa bajaji ilipoharibika.

*

Marahaba, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu Afande, na awape subira mama zako wote wawili.

Naanza na mwisho wa barua yako, maana jambo lenyewe umelificha huko. Umeandika habari za kaka yako kutoka juu mpaka chini, ukasaini, ndipo ukakumbuka kwamba mumeo anadaiwa robo milioni. Sisemi kuwa hiyo ndiyo sababu ya kutafuta kiberiti. Ila kaka yako atasema hivyo, na siku hiyo utafungua mdomo ukose la kutoa. Kwa hiyo usichome kitu. Lile daftari ni ushahidi wa mirathi, na kumficha msimamizi ni kosa hata kama nia yako ni njema kama maziwa. Piga picha kila ukurasa kwa simu yako, kisha mrudishie kaka yako leo. Ukienda kumrudishia, uwe na mumeo, na mumeo awe na 250,000 au sehemu yake na maelezo ya zilizobaki. Wa kwanza kulipa awe mtu wa ndani. Baada ya hapo unaweza kusema na kaka yako ukiwa umeketi, bila kuogopa anachokiangalia.

Sasa tulisome hilo daftari vizuri, maana nadhani wewe na kaka yako kila mmoja amelisoma upande mmoja.

Wewe unasema hakuwa mtu wa kudai. Lakini aliandika, na aliyelipa alimpigia mstari kwa rula, si kwa mkono hivihivi. Mtu anayegawa sadaka hahitaji rula. Kaka yako anasema aliandika, kwa hiyo alidai. Hapo naye kapitiliza, kwa sababu kuandika deni ni amri ya dini kabla ya kuwa dalili ya ukali: aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandikiana madeni. Baba yako alikuwa anatii. Zaidi ya hapo, nimeirudia mistari uliyoninakilia mara nyingi na kuna kitu hakimo. Daftari la mdai lina tarehe mbili, ya kuchukua na ya kurudisha. La baba yako lina tarehe moja. Ile nafasi ambayo mtu mwingine angeandika "atalipa mwisho wa mwezi", yeye kaandika mke kujifungua, kodi ya chumba, mtaji umekatika. Yule kijana wa tairi alipokuja mara ya pili, mwezi Juni, hata sababu hakutoa. "Hakusema, sikuuliza." Nimeishi mjini hapa miaka mingi, nimekopa na nimekopesha, na sijawahi kukopesha bila kuuliza. Huwa nauliza hata kwa macho.

Kwa hiyo ni mkopo, lakini mkopo wa namna yake. Aliyeweza alirudisha, aliyeshindwa alingojewa. Ndivyo inavyosema aya ya 280 katika sura ile ile: mdaiwa akiwa na dhiki, apewe muda mpaka apate wepesi, na kumwachia kabisa kama sadaka ni bora zaidi. Aya hiyo mwombeni ustadhi awasomee wote mkiwa mmekaa, kaka yako akiwapo. Akiisikia kwa ustadhi haitakuwa wewe unayemfundisha.

Ila na wewe nikutoe kwenye kosa moja, kubwa. Umeandika "mimi na mama tumesamehe", halafu ukawataja waliobaki kama watu wa kubembelezwa tu. Mmoja wao yuko darasa la saba. Mtoto hasamehi deni, mwanangu, na hakuna mtu mzima wa kumsamehea fungu lake, si mama yake, si kaka yenu, si wewe. Kaka yako anaposema ile ni mali ya marehemu, hasemi uongo. Kukusanya mali na madeni ya marehemu, kulipa aliyodaiwa, kugawa na kurudisha hesabu mahakamani, ndiyo kazi aliyopewa. Ukimwona kama mwizi mtagombana mpaka mwaka wa pili wa marehemu.

Hebu tupige hesabu ya mkono, ustadhi ataisahihisha. Nachukulia kwamba baba mwenyewe hakuacha deni na kwamba wazazi wake walitangulia. Katika 2,400,000, wake wawili wanapata thumni, yaani sehemu moja ya nane, 300,000, kila mmoja 150,000. Zinabaki 2,100,000, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Mafungu ni matano, kila moja 420,000. Kaka yako 840,000, mdogo wenu 840,000, wewe 420,000. Wewe una uhuru wa kuachia 420,000 zako, na mama yako 150,000 zake, na hapo uhuru wenu unakoma. Mama mdogo aulizwe peke yake, bila watu wa kumkodolea macho. Mjane mwenye mtoto wa shule akikataa, msimnune.

Sasa ile 840,000 ya mdogo wenu. Mumeo akileta 250,000, zihesabuni zote kwake. Yule aliyekuja na elfu ishirini akaomba radhi, nazo ziwe zake mtoto. Zinabaki 570,000. Na mnazo ndani ya nyumba! Mmezitenga kununulia vitambaa. Fulana mia moja ni 1,200,000. Ziacheni hizo fulana, mlipieni mtoto fungu lake, ziwekwe mahali pa jina lake, na zinabaki 630,000 ambazo ni mchele, nyama na viungo vya pilau ya kumrehemu mtu aliyelipia staata asiyoiiba. Mafundi watajua wenyewe kwamba madeni yamefutwa na kwamba hakuna yatima aliyedhulumiwa. Nani kafuta, nani kachangia, hilo libaki chumbani kwenu.

Kaka yako akisema fungu lake halisamehe, ni haki yake. Afuate wale wenye uwezo, mmoja mmoja, kwa upole, akiwafuata walipo. Lakini kusoma majina kwenye hitma, watu wameshika misahafu na mtoto wa kijana wa tairi yuko mlangoni anangojea sahani ya pilau, hapana. Kwa hilo usilegeze hata kidogo. Ukishindwa, mwambie imamu wa msikiti wenu mapema, naye atalizuia pale pale.

Kombati ni jambo fupi. Asilivae. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, hata za marehemu baba yake, na mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wananchi walio nazo wazisalimishe. Kaka yako atakuta amekamatwa na pilau haijaiva. Lile koti lipelekeni kambini au polisi kwa utaratibu, mueleze ni la marehemu mstaafu. Kama mama anataka kulishika kidogo kabla halijaondoka, mpeni muda. Nishani ni ya familia, itunzeni.

Kuhusu tarehe 25 Julai, hapo nipo upande wa kaka yako na utanisamehe. Kisomo hakina ubaya kikiangukia Siku ya Mashujaa. Umeniambia mambo mengi ambayo baba yako hakuyapenda, lakini hukuniambia kwamba aliuonea haya utumishi wake. Aliitunza nishani miaka yote hiyo. Tarehe 9 nendeni makaburini, nyinyi wa nyumbani, mkamsomee dua. Tarehe 25 iwe ya watu wote. Mwachie kaka yako hilo moja bila kinyongo, kwa sababu nahisi yeye naye ana kitu kinamuuma. Wewe ulilala kwenye ile korido siku ya mabomu ya Mbagala, ulimsikia akihesabu. Yeye hukumtaja humo. Labda hakuwapo. Labda fulana zile ni njia yake ya kutafuta vita ambavyo baba hakumsimulia.

Na hapo niwaambie wote wawili kitu kimoja. Baba yenu aliwasimulia. Mwaka ule nilikuwa binti mdogo Ilala, tukicheza vita uani kwa maneno ya Mwalimu ya nia, sababu na uwezo. Kampala ilipoangushwa Aprili 1979, mtaani kwetu watu walipiga masufuria. Vita kwetu ilikuwa redio na masufuria. Kwa baba yenu ilikuwa nini? Majeshi ya Amin yalikuwa yamelibomoa daraja la Kyaka, jeshi letu likavuka mto kwa taabu, na askari wengi wa miguu walikwenda kwa miguu kweli, kutoka mpakani Mutukula mpaka Kampala, kati ya Januari na Aprili, na masika ya huko yakawamwagikia njiani. "Tulitembea sana, na mvua ilikuwa inanyesha." Aliwapa sentensi mbili na zote mbili ni taarifa kamili ya koplo. Ustadhi akimaliza, kaka yako asimame awaambie watu hizo sentensi mbili kama zilivyo, asiongeze risasi hata moja. Nadhani itamtosha kuliko fulana.

Kuna kitu nakiona kila nikishuka Posta, kwenye mzunguko wa Samora na Maktaba. Yule askari wa shaba amesimama pale tangu 1927, ameshika bunduki yenye singe, anapigwa na jua. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja na wapagazi, waliokuwa mikono na miguu ya jeshi katika vita ile ya 1914 mpaka 1918. Lakini juu ya jiwe hakuna mpagazi.  Mgeni akipita anaona bunduki tu, anapiga picha anaondoka. Fulana ya kaka yako ingemfanyia baba yenu hivyohivyo. Vita ilichukua miezi. Stoo ilichukua miaka zaidi ya ishirini, na hakuna fundi hata mmoja aliyekuja na Fuso kwa ajili ya Kagera.

Kwa hiyo hao watu wa gereji waruhusuni. Si suala la kuwaruhusu, hata, maana gereji si yenu, na mtu haombi kibali cha kumwombea dua rafiki yake. Walichowaomba ni heshima ya kuwashirikisha. Nendeni. Nenda na kaka yako hata kama atakaa nyuma na uso umekunjwa. Fundi mkuu aisimulie tena habari ya staata, safari hii mbele ya spana boi wa leo. Na mdogo wenu wa darasa la saba mpelekeni, akae pale stoo, aone ubao wa spana alioupanga baba yake. Huyo mtoto ndiye mwenye muda mfupi kuliko wote na baba, na nyinyi mnabishana juu ya kumbukumbu kana kwamba mko wawili. Mpeni nafasi ya kuuliza maswali. Mafundi watamjibu mambo ambayo nyinyi hamyajui.

Picha ya sare itundikeni sebuleni kwa mama, ndogo, pamoja na nyingine ambayo najua ipo, kila mstaafu aliyefanya kazi gereji anayo: amevaa ovaroli, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai. Kama haipo, waulizeni mafundi, simu zao zina kila kitu.

Mama yako, je? Umesema hasemi na kaka. Hilo usilitatue wewe. Mwache kaka yako amtafute yule mtu wa elfu ishirini, amwombe radhi kama alivyoombwa radhi, kisha amwambie mama kwamba amefanya hivyo. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Ukimsemea utakuwa umeharibu.

Kikombe wapeni, ila msiwape kitupu. Siku ya kisomo cha gereji mama akipikie chai kwa mikono yake, ya rangi, yenye tangawizi kama alivyokuwa anaipenda, na kikabidhiwe kikiwa na moto. Halafu muulizeni fundi mkuu kwa muda wote ule nani alikuwa anakiosha. Nina shauku ya kulijua hilo, ukipata jibu niandikie.

Shangazi